Kufunga mizigo ya baiskeli kwa safari ya siku kadhaa

Baiskeli yenye mzigo haiendeshwi kama baiskeli tupu. Kilo 12 zilizofungwa vizuri utazizoea ndani ya saa moja. Kilo 8 zilizofungwa ovyo zitakuvuta usukani kila ukikata kona, zitagonga visigino, na zitakushusha kila baada ya muda mfupi ukaze mikanda. Ndiyo maana sianzi na orodha ya vitu vya kununua. Kinachowatesa wengi ni mambo mawili: kila kitu kikae wapi, na nini kibaki nyumbani.

Nachukulia kwamba unasafiri siku tatu hadi saba kwenye njia ambayo sehemu kubwa haina lami, unalala kwenye hema, na unapata mahali pa kununua chakula kila baada ya siku mbili au tatu.

Hatua ya 1: Ijue njia kabla ya kugusa begi

Kwanza, uso wa njia. Njia nyingi za baiskeli zimejengwa juu ya reli za zamani au kando ya mifereji. Hizo huwa na miinuko midogo tu, kwa sababu treni haiwezi kupanda mlima mkali, na mara nyingi uso wake ni changarawe iliyoshindiliwa. Hapo unaweza kubeba karibu chochote kwa namna yoyote. Njia nyembamba yenye mizizi, mawe na makorongo ni habari nyingine kabisa: mfuko unaotokeza pembeni utanasa vichakani, utarukaruka, na utakugonga miguu pale utakapolazimika kushuka na kusukuma.

Pili, maji. Usitazame wastani wa umbali kati ya vituo vya maji, tafuta kile kipande kirefu kuliko vyote. Mwendeshaji hunywa takriban nusu lita hadi lita moja kwa saa, kutegemea joto na miinuko. Kipande cha kilomita 40 kwenye kokoto, kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, ni zaidi ya saa tatu, yaani lita 2 hadi zaidi kidogo ya 3. Ukilala mahali pasipo na maji, ongeza nyingine 2 za kupikia, kunywa na kuanzia asubuhi. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo siku hiyo maji peke yake yanaweza kuwa mzigo mzito kuliko hema na mfuko wa kulalia vikiwekwa pamoja. Lazima ujue mapema yatakaa wapi.

Tatu, baridi ya usiku. Utabiri wa hali ya hewa kwa kawaida ni wa mji ulio karibu, na mji mara nyingi uko chini kuliko kambi yako. Hesabu kushuka kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1000 unazopanda.

Hatua ya 2: Chagua mifuko, lakini iwe ya mwisho kununuliwa

Mifuko iko ya aina mbili. Kuna ya pembeni, inayoning'inia kwenye keria kwa kulabu, na jozi ya nyuma mara nyingi hubeba lita 40 hivi. Halafu kuna ile inayofungwa moja kwa moja kwenye baiskeli kwa mikanda: mmoja usukani, mmoja ndani ya pembetatu ya fremu, mmoja nyuma ya siti. Hii ya pili ina nafasi ndogo, ila hushikana na baiskeli na haichezi sana kwenye mashimo.

Kwa njia laini, mifuko ya pembeni haina mpinzani, maana unaifungua kama sanduku na kuona kila kitu. Kwa njia mbaya, chagua ya kufunga kwa mikanda. Kwa njia iliyo katikati ya hizo mbili, napendelea mchanganyiko: mfuko wa fremu ubebe vitu vizito, na mifuko miwili midogo ya pembeni ichukue vilivyobaki. Angalia kiwango cha uzito kilichoandikwa kwenye keria (nyingi huruhusu hadi kilo 25), na uhakikishe fremu yako ina matundu ya kuifungia.

Nasisitiza mifuko inunuliwe mwisho kwa sababu mfuko mkubwa lazima utajazwa. Kusanya vitu kwanza, vipunguze, kisha tafuta mfuko unaovitosha.

Begi la mgongoni liache. Linainua uzito juu, linalowesha mgongo kwa jasho, na kila gramu yake inashuka kwenye mifupa ya makalio ambayo tayari inabeba mwili wako kutwa nzima. Kama njia inadai maji mengi, kifuko chembamba cha maji mgongoni kinavumilika, ila kisizidi hapo.

Hatua ya 3: Tandaza kila kitu sakafuni

Weka kila kitu mahali pamoja, ukigawe mafungu: kulala, mavazi, jiko na chakula, matengenezo, afya na vitu vidogo. Chukua mizani ya jikoni upime kimoja kimoja na kuandika. Kazi hii inachosha, lakini macho hudanganya na mizani haidanganyi. Bila chakula na maji, kilo 8 hadi 12 ni mzigo wa busara kwa mtu anayelala kwenye hema.

Kisha kiulize kila kitu maswali mawili. Je, nitakitumia kila siku? Kikikosekana, safari itasimama au nitaumia? Ambacho jibu lake ni hapana mara zote mbili kinarudi kabatini. Vifaa vya matengenezo na huduma ya kwanza havitumiki kila siku, lakini swali la pili linavipitisha.

Mavazi ndiyo fungu linalovimba kuliko yote, na ndilo rahisi kupunguza. Unahitaji seti mbili tu. Ya kwanza ni ya kuendeshea, nayo italowa, itachafuka na itanuka. Ya pili ni ya kambini na kulalia, na hii haivaliwi ukiendesha hata siku moja, kwa sababu ikilowa huna tena pa kukimbilia baridi ikija. Juu ya hizo ongeza koti la mvua, vazi moja la joto, soksi za usiku na kofia nyepesi. Pamba iepuke kwenye seti ya kuendeshea, maana hunyonya maji na kukauka polepole. Sufu ya merino au vitambaa vya sintetiki ni bora, na sufu inachelewa kunuka.

Kaptula za baiskeli zenye pedi chukua mbili. Zinavaliwa bila chupi ndani, kwani mishono ya chupi ndiyo inayochubua ngozi. Moja uivae, nyingine uifue jioni na kuianika juu ya mzigo kesho yake. Vidonda vya kukaa hutokana na msuguano, unyevu na uchafu, na kikimea kimoja siku ya pili, siku zilizobaki zote utaendesha umesimama. Kama kuna mahali pa kutobania uzito, ni hapa: kaptula ya pili na kopo dogo la mafuta ya kuzuia michubuko.

Mfuko wa kulalia uingie ndani ya mfuko usiopitisha maji, hata kama begi la nje limeandikwa kwamba halipitishi. Manyoya ya ndege yakilowa hujikunja na kupoteza joto karibu lote, na kuyakausha njiani ni kazi ya siku nzima ya jua. Ya sintetiki huvumilia unyevu zaidi, lakini nayo ni mazito na hujaza nafasi. Nguzo za hema zitenganishe na kitambaa chake: nguzo zifungwe kando ya bomba la fremu, kitambaa kiingie popote penye upenyo.

Hatua ya 4: Vifaa vya matengenezo

Mji wa karibu unaweza kuwa nusu siku kutoka pale utakapoharibikiwa, na mji wenyewe usiwe na fundi. Beba kwa ajili ya baiskeli yako mwenyewe, si kwa ajili ya baiskeli kwa jumla:

- tyubu 2 za kipimo cha tairi lako, viraka, solusheni na msasa
- leva 2 za kutolea tairi, na pampu uliyokwisha ijaribu
- spana za aleni (zile zenye umbo la L) zinazoingia kila bolti ya baiskeli yako, bisibisi, na kikatia cheni
- viungo 2 vya kuungia cheni
- kile kipande cha alumini kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma kwenye fremu
- pedi za breki, waya mmoja wa gia na mmoja wa breki, kama baiskeli yako inatumia waya
- spoki 2 au 3, bolti chache za M5 (zenye unene wa milimita 5), vibano vya plastiki vya kufungia nyaya, na tepu ya kitambaa
- mafuta ya cheni na kipande cha kitambaa

Baadhi ya hivi vina maelezo yake. Valvu ziko mbili zinazotumika sana. Valvu nyembamba aina ya Presta hupita kwenye tundu la valvu nene, lakini nene haipiti kwenye tundu la nyembamba. Angalia ringi zako na pampu yako kabla ya kununua tyubu. Tyubu zivishe soksi kuukuu au zifunge kwa plastiki, kwani zikisuguana na spana siku tatu mfululizo zinaweza kutoboka kabla hujazitumia. Kama unaendesha tairi zisizo na tyubu, ongeza chupa ndogo ya ute wa kuzibia na vizibo, na tyubu moja usiiache: tairi likichanika pembeni, ute hautasaidia kitu.

Kiungo cha cheni hutengenezwa kwa idadi maalumu ya gia. Cha gia 9 hakishiki kwenye cheni ya gia 12.

Kile kipande cha alumini kimetengenezwa laini makusudi, kipinde chenyewe badala ya fremu baiskeli ikianguka. Maumbo yake ni mengi mno na duka la njiani si rahisi liwe na la kwako. Kina uzito mdogo sana, na bila hicho gia hazibadiliki tena. Nakiweka juu kabisa ya orodha ya vitu ambavyo watu hawavijui na wangepaswa kuvibeba.

Spoki hukatika zaidi kwenye gurudumu la nyuma, ambalo ndilo linalobeba mzigo. Upande wa gia na upande wa pili mara nyingi hutofautiana urefu, kwa hiyo pima zote mbili. Zifunge kwa tepu kwenye fremu. Pedi za breki za diski nazo zina maumbo mengi, na matope yenye mchanga huzila haraka kuliko unavyotarajia. Chukua jozi hata kama za sasa zinaonekana nzima.

Kifaa usichojua kukitumia ni uzito mtupu. Kabla ya safari, kaa chini utoe tairi la nyuma, uweke kiraka, ukate cheni na kuiunga. Fanya hivyo nyumbani kwenye mwanga, mikono ikiwa na joto.

Hatua ya 5: Chakula, maji na jiko

Beba chakula cha kufika kituo kinachofuata cha kununua pamoja na cha siku moja ya akiba, basi. Hesabu kwa nishati badala ya ujazo: gramu 100 za karanga au njugu zina takriban kilokalori 600, za shayiri kavu 380 hivi, ilhali matunda mabichi ni maji kwa sehemu kubwa. Toa vyakula kwenye maboksi yake, viweke kwenye vifuko vya plastiki, na uandike juu kipimo cha maji ya kupikia.

Maji ya mtoni au bwawani yachemshe hadi yatokote kwa dakika 1, na ukiwa juu ya mita 2000 dakika 3. Kichujio cha nyuzi ndogo huondoa bakteria na vijidudu vikubwa zaidi, ila vingi haviondoi virusi, kwa hiyo mahali penye watu au mifugo mingi juu ya mto ongeza vidonge vya kusafishia maji. Kichujio kilichokwisha kulowa kisigande kwa baridi. Barafu hupasua nyuzi za ndani bila alama yoyote kwa nje, nawe utaendelea kunywa ukidhani maji yamechujwa. Usiku wa baridi kali lala nacho ndani ya mfuko wa kulalia, pamoja na simu na pawabenki, kwani betri nazo hupoteza nguvu zikipoa.

Mafuta ya jiko yakae mbali na chakula, ikiwezekana nje ya begi kwenye kishikio cha chupa.

Hatua ya 6: Pakia kwa uzito kwanza, kisha kwa saa

Kanuni ni moja: kizito kikae chini na karibu na katikati ya fremu, chepesi ndicho kiende juu na kwenye ncha.

Pembetatu ya fremu ipokee spana, chakula kizito na maji. Kama una mifuko ya pembeni, anza na vizito chini kabisa, upande ulio karibu na gurudumu, na uivute mbele kadiri visigino vinavyoruhusu. Kanyaga pedali kinyumenyume mzunguko mzima ukiwa umevaa viatu vya safari. Kisigino kikigusa, rudisha mfuko nyuma kidogo. Kushoto na kulia visipishane zaidi ya nusu kilo.

Mfuko wa nyuma ya siti ni wa vitu laini: nguo za usiku, mfuko wa kulalia. Ushindilie mpaka uwe mgumu kama gogo, kwani ukiwa na hewa ndani utayumba kushoto na kulia kwa kila mkanyago. Kilicho kizito kuliko vingine kati ya hivyo kiingie kwanza, upande wa nguzo ya siti.

Usukani usibebe zaidi ya kilo 3. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili uone kama nyaya za breki na gia zinabanwa. Kisha ukandamize kwa uzito wako uone kama mfuko unagusa tairi. Baiskeli yenye springi mbele hushuka sana kwenye shimo, na mfuko unaokaa vizuri baiskeli ikiwa imesimama unaweza kukwama kwenye tairi mteremkoni.

Popote mkanda unapogusa fremu, bandika tepu ya plastiki kabla ya kufunga. Vumbi likiingia chini ya mkanda hufanya kazi ya msasa. Ncha za mikanda zinazoning'inia zifunge zote, zisije zikaingia kwenye spoki.

Uzito ukishatulia, panga kwa saa. Koti la mvua likae mahali unapoweza kulitoa bila kufungua kitu kingine, kwa sababu mvua haikupi muda. Vifaa vya pancha vivyo hivyo, visifukiwe chini ya chakula. Kitafunio, simu na mafuta ya jua viingie kwenye kifuko cha juu ya fremu, unapovifikia ukiwa juu ya siti. Huduma ya kwanza (bandeji, gozi, plasta, dawa ya maumivu, dawa ya mzio, pakiti za chumvi ya kuongeza maji mwilini) iwe kwenye kifuko cha rangi kali ambacho hata mwenzako atakiona. Vitu vya hema na kulala ndivyo vikae ndani kabisa, maana hutavihitaji hadi jioni.

Ukishapanga, usibadilishe. Ndani ya siku mbili mkono utajua pa kwenda gizani.

Hatua ya 7: Jaribu kwa mzigo wote

Wiki moja au mbili kabla, funga kila kitu pamoja na maji na chakula, uende kilomita 20 hadi 30 ukitafuta makusudi barabara mbaya. Funga breki kwa nguvu, teremka mlima, panda mlima ukiwa umesimama, sukuma baiskeli ngazini. Ukiweza, lala usiku mmoja nje. Upepo wa tairi urekebishe sasa: tairi la nyuma linabeba uzito mkubwa zaidi na linataka upepo zaidi ya la mbele, ila usivuke kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake. Tairi gumu kupita kiasi hurukaruka kwenye kokoto na kutingisha kila bolti uliyonayo.

Ukirudi, kabla ya kufungua chochote, kamata kila bolti ya keria na vishikio vya chupa uone kama imelegea. Iliyolegea itie gundi ya bolti, ile inayofunguka kwa spana ya kawaida. Andika pia ulichokitafuta ukakikosa, na ulichokibeba bure.

Hatua ya 8: Ukiwa njiani

Simama baada ya saa ya kwanza ya siku ya kwanza ukaze mikanda yote tena, kwani mizigo hujishindilia kwa mtikisiko. Kila asubuhi zungusha magurudumu yote mawili ukitazama kama yananyooka, gusa bolti za keria, pangusa cheni na uitie mafuta kidogo kama usiku ulinyesha. Kazi hiyo haifiki dakika tano.

Chakula kinavyoliwa, mizani ya baiskeli hubadilika. Kufikia siku ya tatu mfuko uliokuwa mzito utakuwa umepwaya, na baiskeli itaanza kuegemea upande mmoja. Hamisha jiko au chupa ya maji upande uliopungua uzito, na bana mikanda ya mfuko uliopungua mpaka uwe mgumu tena. Takataka zako, pamoja na karatasi za choo, ziwe na mfuko wake unaofungwa kabisa, nje ya mizigo mingine. Kwa haja kubwa chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, angalau mita 60 kutoka kwenye maji, na hicho kijikoleo kidogo cha kuchimbia kifunge nje ya begi, upande usio wa chakula.